Barua ya VA imenikatalia kifundo cha mguu: nianzie wapi kukata rufaa?

Swali: Nilihamia Marekani kutoka Kenya na nikajiunga na jeshi la nchi kavu nikiwa bado na grini kadi. Nilitumikia kuanzia 2012 hadi 2018. Nilitegua vifundo vyote viwili vya miguu kwa nyakati tofauti, cha kulia vibaya zaidi, kwenye matembezi marefu ya usiku na mzigo mgongoni. Miezi minane iliyopita VA, idara ya Marekani inayohudumia maveterani, iliniandikia hivi: kifundo cha kulia asilimia 10 ya ulemavu, cha kushoto kimekataliwa, goti la kulia limekataliwa. Aliyenipima ameandika pia kwamba kifundo cha kushoto niliwahi kukiumiza nikicheza kandanda shuleni Kenya. Kila mtu ananiambia nikate rufaa, ila hakuna anayenionyesha pa kuanzia. Tena mwakani nataka kurudi nyumbani. Je, nitapoteza haki yangu?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza itazame tarehe iliyo juu ya ile barua. Mwaka wa kukata rufaa huhesabiwa kuanzia hapo, wala si siku uliyoifungua bahasha. Kama ni miezi minane imepita, bado minne. Ukiwasilisha ndani ya muda huo na ukashinda, kwa kawaida malipo yatahesabiwa kurudi nyuma hadi tarehe ya dai lako la mwanzo. Ukiuvuka mwaka, bado unaweza kuleta dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, lakini fidia itaanza pale ulipolileta, na miezi yote ya nyuma itakuwa imekupotea. Nimeona familia zikipoteza malipo ya miaka kwa kuchelewa wiki chache, na inaniuma kila mara, kwa sababu fomu yenyewe ni ya kurasa chache tu.

La pili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Wewe huna rufaa moja, una tatu. Barua yako imebeba maamuzi matatu, kila uamuzi una sababu yake, na sheria inakuruhusu kuupeleka kila mmoja kwa njia yake, mradi usiweke suala moja kwenye njia mbili kwa wakati mmoja. Wengi wetu hukusanya karatasi zote, hueleza maumivu yao kwa uchungu, hutuma kila kitu kwa fomu moja, kisha hupata jibu lile lile. Msomaji wa faili anatafuta kipande fulani kilichokosekana. Usipokijibu kipande hicho, maelezo mengine yote hayatamsogeza.

Njia zenyewe zimekuwa tatu tangu tarehe 19 Februari 2019, ilipoanza kutumika sheria ya marekebisho ya rufaa iliyopitishwa 2017. Dai la nyongeza, fomu 20-0995, ni la mtu mwenye ushahidi mpya unaogusa suala lenyewe. Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, hufanywa na afisa mwenye uzoefu zaidi anayesoma faili lile lile lilivyokuwa siku ya uamuzi. Huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja, ila unaweza kuomba mazungumzo ya simu, mara moja tu, umwonyeshe kosa lilipo. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, mbele ya jaji, ambapo unachagua kama asome faili lilivyo, upeleke ushahidi ndani ya siku 90, au usikilizwe na jaji mwenyewe. Kwa njia mbili za kwanza lengo la VA ni wastani wa siku 125. Bodi huchukua muda mrefu zaidi, na wanaoomba kusikilizwa ndio husubiri sana. Kwa hali yako nisingeanzia Bodini.

Kabla ya fomu yoyote, pata ripoti za wale waliokupima. Barua ya uamuzi ni muhtasari. Kosa huwa limejificha ndani ya ripoti. Nakala ya faili lako huombwa kwa fomu 20-10206. Hata hivyo usikae ukiisubiri hadi mwaka ukakupita. Ukiona tarehe inakaribia, wasilisha kwanza.

Sasa tuingie kifundo cha kulia. VA imeshakubali kwamba kilitokana na jeshi, na hilo ni jambo zito. Mambo yaliyoandikwa kwenye barua kuwa yamekubaliwa kwa faida yako hayawezi kugeuzwa hivi hivi na afisa wa baadaye, labda yathibitike kuwa kosa la wazi kabisa. Unabishania kiwango tu. Kifundo hupimwa kwa msimbo 5271 wa jedwali la VA la viwango vya ulemavu, na tangu tarehe 7 Februari 2021 vipimo vyake vimeandikwa kwa nyuzi. Kifundo kizima huinua wayo juu nyuzi 20 na kuushusha chini nyuzi 45. Ukishindwa kufikisha nyuzi 15 kwenda juu, au 30 kwenda chini, ni asilimia 10. Ukishindwa kufikisha nyuzi 5 kwenda juu, au 10 kwenda chini, ni asilimia 20. Kwa msimbo huo hakuna kinachozidi 20. Asilimia 30 na 40 ziko kwenye msimbo 5270, ambao ni wa kifundo kilichoganda kisichosogea. Atakayekuahidi 40 kwa kifundo ambacho bado kinajongea, na ambacho mfupa wake haukuvunjika ukaunga vibaya, muulize anasoma kifungu gani.

Unaona jinsi hesabu ilivyo kali: kutoka 10 hadi 20 ni suala la nyuzi chache. Hapo ndipo ripoti hushinda au kushindwa. Siku uliyopimwa huenda kifundo kilikuwa kimetulia, umepumzika asubuhi nzima, umekaa kitini, ukainua wayo nyuzi 10. Lakini je, siku kinapochachamaa? Siku umesimama zamu nzima kazini, au umeteremka ngazi kwa haraka kikapinda tena, jioni kimevimba hata kiatu hakivuliki? Sheria inataka hali hiyo ihesabiwe. Katika kesi ya DeLuca dhidi ya Brown ya 1995, mahakama ya rufaa za maveterani ilisema maumivu, udhaifu na uchovu wa kiungo vinavyopunguza utendaji lazima vipimwe. Katika Correia dhidi ya McDonald ya 2016 ikasema kiungo kipimwe kikisogezwa na mgonjwa mwenyewe na kikisogezwa na mpimaji, kikiwa kimebeba uzito na kisipobeba, na pale inapowezekana kilinganishwe na mwenzake. Na katika Sharp dhidi ya Shulkin ya 2017 ikasema mpimaji asikwepe kwa kuandika kwamba hawezi kukadiria kwa kuwa hukuwa kwenye siku mbaya alipokuona. Anapaswa kukuuliza siku hizo huwaje, huja mara ngapi, hudumu muda gani, kisha akadirie nyuzi zinazopotea kutokana na maelezo yako na rekodi zako.

Isome ripoti ukitafuta mambo hayo tu. Ukikuta imeandikwa kwamba haiwezekani kukadiria bila kubahatisha, bila sababu ya kueleweka, au ukikuta hukupimwa ukiwa umesimama, kifundo cha kulia kipeleke mapitio ya ngazi ya juu. Kosa liko ndani ya faili tayari, huhitaji ushahidi mpya. Omba ile simu, na ukiwa hewani usisimulie maisha yako yote. Taja ukurasa, taja sentensi, taja kesi. Afisa akikubaliana nawe, faili hurudishwa upimwe upya. Ikiwa ripoti haina kosa lakini hali yako ni mbaya kuliko inavyosema, njia inabadilika: unahitaji vipimo vipya kutoka kwa daktari wako kwa dai la nyongeza. Mwombe ajaze fomu ya VA ya vipimo vya kifundo, aandike nyuzi na siku mbaya huwaje, maana daktari wa kawaida huandika tu “maumivu ya kifundo” na kuishia hapo.

Ukiitwa tena kupimwa, semea siku zako zote, nzuri na mbaya. Sisi tumelelewa kujikaza. Mtu anaulizwa habari yako, anajibu salama, na salama hiyo inaandikwa kwenye ripoti kwamba hana tatizo. Ukiwa umemeza dawa ya maumivu asubuhi, iseme, na useme kifundo huwaje bila dawa. Kama unatumia kamba ya kufunga kifundo au fimbo, nenda nayo. Wala usiongeze chumvi: mpimaji huangalia ulivyoingia na utakavyotoka, na uongo mdogo ukigundulika utaharibu mambo yote ya kweli uliyosema.

Kifundo cha kushoto ni shughuli nyingine kabisa, na hapo ndipo ningetumia nguvu nyingi zaidi. Ili VA ikubali, inahitaji vitu vitatu: ugonjwa ulionao leo, tukio la jeshini, na daktari anayeunganisha viwili hivyo. Nahisi barua yako inasema hivi au karibu na hivi: uliteguka, ukatibiwa mara moja, kikapona, kisha hakuna rekodi yoyote hadi miaka mingi baadaye. Ukimya huo wa rekodi ndio umekuangusha.

Ukimya una maelezo, na wewe ndiye unayeyajua. Kwa nini hukurudi kwa daktari wa kikosi? Pengine ulihofia kupewa karatasi ya kupunguziwa kazi wakati wenzako wanajiandaa kupelekwa nje. Pengine kwenye uchunguzi wa kutoka jeshini ulijibu “hapana” kila swali ili uende nyumbani. Yaandike yote, kwa maneno yako, kwa fomu 21-10210. Mwombe mke wako aandike anachokiona: unavyoshuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja, barafu ya kila jioni, mechi za Jumamosi ulizoacha kucheza. Mtafute askari mwenzako aliyekuwepo usiku ule. Kila mmoja aandike alichokiona kwa macho yake, na hakuna haja ya kutaja jina la ugonjwa. Usidhani haya ni maneno matupu. Katika Buchanan dhidi ya Nicholson ya 2006 mahakama ya shirikisho iliyo juu ya ile ya maveterani ilisema VA haiwezi kukataa ushahidi wa mtu kwa sababu tu hauna rekodi za hospitali za wakati ule.

Lakini maneno ya nyumbani peke yake mara nyingi hayatoshi kuunganisha jeraha la jeshini na kifundo cha leo. Unahitaji daktari, bora wa mifupa au wa miguu. Mpeleke rekodi zako za jeshi, usimpelekee ombi tupu. Picha ya MRI ikionyesha ligamenti ya nje ya kifundo ilichanika zamani, au eksirei ikionyesha gegedu limelika, anaweza kueleza jinsi ligamenti hiyo iliyolegea tangu kuteguka kwa kwanza ilivyokiacha kifundo kikipinda tena na tena. Barua yake aiandike kwa Kiingereza na iwe na maneno ambayo VA huyatafuta: kwamba hali hii “is at least as likely as not” imetokana na jeraha la jeshini, yaani uwezekano ni nusu kwa nusu au zaidi. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inakupa wewe faida ya shaka. Daktari akiandika “huenda” au “inawezekana”, barua hiyo haitakusaidia. Na asipoandika sababu zake, hata “hakika” haina uzito. Ningependa sentensi tano zenye hoja kuliko kurasa tano za sifa.

Haya ukiwa nayo, kifundo cha kushoto kinakwenda dai la nyongeza. Ongeza na hoja ya pili: kwamba hata kama hakikuanzia jeshini, kimeharibiwa au kuzidishwa na kile cha kulia, kwa sababu kwa miaka umekuwa ukiuelemea mguu wa kushoto kuuokoa wa kulia. Kanuni ya VA ya 3.310 inakubali jeraha linalozaliwa na jeraha lililokubaliwa, pia linalozidishwa nalo. Daktari ajibu hoja zote mbili katika barua hiyo hiyo, na ajibu suala la “kuzidisha” kwa kujitegemea, kwa sababu wapimaji wengi hujibu “kusababisha” na kulisahau la pili.

Halafu hili la kandanda la shule. Hapa nataka utulie, kwa sababu najua limekutia wasiwasi na limewaogopesha wengi waliokulia Kenya au Tanzania wakicheza pekupeku. Ulipoingia jeshini ulipimwa. Ikiwa karatasi ya uchunguzi huo haikutaja kasoro ya kifundo, sheria ya Marekani, kifungu cha 1111, inakuhesabu kuwa uliingia ukiwa mzima. VA ikitaka kusema vinginevyo, mzigo wa kuthibitisha ni wake, na ni mzigo mzito: ithibitishe kwa ushahidi wa wazi usiopingika kwamba jeraha lilikuwepo kabla, na pia kwamba jeshi halikulizidisha. Vyote viwili. Mahakama hiyo ya shirikisho ilisisitiza hivyo katika Wagner dhidi ya Principi ya 2004. Sentensi moja ya mpimaji kwamba uliwahi kuumia ukiwa kijana haifikii kiwango hicho hata kidogo. Tafuta karatasi ya uchunguzi wa kuingia. Ikiwa ni safi, hapo una kosa la kisheria, lionyeshe kwa maneno machache. Kama mzazi au mwalimu wa michezo nyumbani anakumbuka kwamba ulipona na ukaendelea kucheza, aandike kwa Kiswahili, kisha itafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri athibitishe tafsiri yake kwa maandishi na kutia sahihi. Usimwandikie wewe.

Goti la kulia nitalipitia haraka. Kutembea kwa kuchechemea kunaweza kulichosha goti, lakini VA haitachukua hilo kwa imani. Mwombe daktari yule yule aandike anachokiona kwenye mwendo wako na aeleze kwa nini si umri tu wala kazi unayofanya sasa. Bila barua hiyo, nisingelipeleka goti mapitio ya ngazi ya juu, labda uwe umekuta mpimaji hakuulizwa kabisa swali la kifundo kulidhuru goti.

Kuhusu fedha, usijenge matarajio ya kujumlisha kawaida. Kwa viwango vya 2025, asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi na asilimia 20 ilikuwa dola 346.95. Ukipata 20 kulia na 10 kushoto, VA haisemi 30. Inachukua 20, halafu asilimia 10 ya zile 80 zilizobaki, inapata 28. Kwa kuwa ni miguu yote miwili, inaongeza sehemu ya kumi ya 28, inakuwa 30.8, na inakadiriwa kwa kumi iliyo karibu, yaani 30. Na hata wakikubali kifundo cha kushoto kwa asilimia sifuri, usikate tamaa: sifuri ni kukubaliwa. Unatibiwa kifundo hicho VA, na kikizidi unaomba kiwango kipandishwe bila kubishania tena kilikotoka.

Wa kukusaidia wapo, na bure. Mashirika ya maveterani kama DAV, VFW na American Legion yana wawakilishi walioidhinishwa, na kaunti nyingi zina afisa wa maveterani. Wakili au wakala aliyeidhinishwa anaruhusiwa kulipwa kwa kazi inayofanywa baada ya uamuzi wa kwanza; ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo ya fidia yako huchukuliwa kuwa ya haki. Lakini kuna watu wanaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya na Watanzania wakidai mara kadhaa ya nyongeza yako ya mwezi, wasio na kibali chochote. Tafuta jina la mtu kwenye orodha ya VA ya walioidhinishwa kabla ya kusaini. Asipokuwepo, usimpe hata namba yako ya hifadhi ya jamii. Ninasema hivi kwa ukali kwa sababu wanaoibiwa ni wale waliojitolea afya yao.

Mwisho, Kenya. Hupotezi. Fidia ya ulemavu wa jeshi hulipwa popote unapoishi, na rufaa inaendelea ukiwa Nakuru kama ingeendelea ukiwa Texas. Matibabu ya magonjwa yaliyokubaliwa yanaweza kulipiwa ukiwa nje kupitia mpango wa VA wa tiba za ng'ambo. Jiandikishe kabla ya kuhitaji hospitali. Shida halisi ni barua. Ukiitwa kupimwa na wito ukaenda kwenye anwani yako ya zamani, usipotokea bila sababu ya msingi, dai linaweza kuamuliwa kwa kilichomo kwenye faili au kukataliwa kabisa. Kwa hiyo MRI, barua ya daktari na kauli za mashahidi zimalize ukiwa huku, na wiki ile unayonunua tiketi badilisha anwani yako VA na umjulishe mwakilishi wako namba ya simu ya Kenya.